Anga Chini ya Dari

Mwezi wa Juni huko kwetu Uru si mwezi wa kutazama nyota. Ukungu hushuka kutoka msituni tangu alasiri, ukalala juu ya migomba, na mtu akitoka nje usiku hana cha kuona ila taa ya jirani. Katika Juni ya namna hiyo nilimpelekea baba yangu projekta ya nyota, chombo cha ukubwa wa chungu kidogo, nikidhani nimempelekea anga lake. Macho yake yalikuwa yamekwisha kufunikwa na mtoto wa jicho, na siku ya kupasuliwa ilikuwa bado.

Baba hakuvaa saa mpaka alipokuwa mtu mzima. Wakati wa kiangazi, mwezi wa Januari, alitoka alfajiri kwenda kufungua maji ya mfongo, na zamu yake aliijua kwa Msalaba wa Kusini. Ukisimama wima, amekwisha kuchelewa.

Basi nikaiweka projekta sakafuni, nikafunga mapazia, nikazungusha lenzi hata nukta zikatulia juu ya dari. Maelfu ya nyota! Wajukuu wakapiga kelele. Baba akauliza, "Msalaba uko wapi?"

Nikautafuta, sikuuona. Kisahani kilichokuja na chombo kilikuwa cha anga la kaskazini. Kilikuwa na Nyota ya Kaskazini, ambayo sisi wa Uru, nyuzi 3 hivi kusini ya ikweta, hatuioni kabisa. Na hata ingechomoza kidogo, Kibo ingeiziba.

Baadaye, katika kusoma, niliona kwamba mambo yalianza hivyo hivyo. Mashine ya kwanza ya aina hii ilibuniwa na Walther Bauersfeld wa kampuni ya Zeiss, mjini Jena, ikaonyeshwa München mwezi Oktoba 1923. Ilitoa nyota zipatazo 4,500, lakini kwa latitudo ya München tu. (Wajerumani walikuwa wameondoka Moshi mwaka 1916, miaka 7 tu kabla yake. Naamini wapo waliokuwa bado wanaukumbuka Msalaba wetu.) Mashine ya pili, yenye vichwa viwili, ilikuja mwaka 1926, nayo iliweza kuonyesha anga la mahali popote duniani. Ila hiyo ilitaka jumba lake na fedha za mji mzima.

Aliyenifaa mimi ni Mmarekani Armand Spitz. Mwaka 1947 alitoa projekta isiyotumia lenzi kwa nyota zake: kasha la pande 12, limetobolewa matundu, taa moja ndani. Nyota kali ilipewa tundu kubwa, hafifu dogo. Bei yake ilikuwa kama dola 500, na shule nyingi zikaweza kuwa nayo.

Nikachukua kopo la maziwa ya unga. Nikaweka ramani ya nyota juu ya kitako chake, nikatoboa kwa msumari nyota nne za Msalaba, na zile mbili kali zilizo jirani yake. Ndani nikaweka balbu ya kurunzi, tupu, bila kile kikombe chake cha kung'aa, maana hicho hufanya mwanga usitoke kwenye nukta moja na nyota zikawa madoa. Usiku huo umeme ulikatika. Giza likawa zuri kuliko la mapazia.

Madoa yalitokea makubwa kama sarafu. Wajukuu hawakuyajali. Baba aliinua uso, akakaa kimya kitambo kirefu. Kisha akanyoosha fimbo yake darini.

"Hizi mbili umeziweka mbele," alisema. "Hizi hufuata, mwanangu. Hazitangulii."

Nilibisha. Nikatoka na ramani hadi jikoni kwenye moto, nikaitazama. Nilikuwa nimetoboa kwa nje, na mwanga ulipotoka ndani ulipeleka kila kitu darini kinyumenyume, kama maandishi kwenye kioo. Nyota zilizopaswa kuwa kushoto ya Msalaba, mashariki, zilikuwa kulia.

Nikamwomba mama kopo jingine.