Rilei

“Rilei imekufa,” fundi umeme wa kiwandani akisema hivyo, wenzake hawahitaji tafsiri. Neno hili lina safari ndefu. Katika Kifaransa cha zamani, relais walikuwa mbwa au farasi wapya waliowekwa njiani kuwapokea waliochoka. Katika karne ya 19 telegrafu ikalichukua: umeme ulipodhoofika kwenye waya mrefu, kifaa chenye sumaku kilipokea mpigo hafifu na kufungulia mkondo mwingine wenye nguvu.

Kazi hiyo haijabadilika. Moduli ya kutolea amri yenye rilei, katika mfumo wa kuongoza mashine, hujua mambo mawili tu: washa au zima. Rilei iliyomo hupokea umeme mdogo, mara nyingi wa volti 24, sumaku yake ikavuta kisahani, na volti 230 zikapita upande wa pili bila mikondo hiyo miwili kugusana. Transista, inayoweza kushika nafasi ya rilei, ni ya kasi zaidi na haichakai kwa kubofyabofya, lakini rilei hupitisha umeme wa AC na DC bila kubagua.

Tuiiteje kwa Kiswahili? “Kipokezi” kimeshachukuliwa na redio. “Swichi” haisemi nani anayebonyeza. Wanariadha wetu wana mbio za kupokezana vijiti, na hapo ndipo penye kitenzi kinachofaa. Kwa maoni yangu, rilei ibaki kuwa jina, na kupokezana kuwe maelezo yake. Mwanagenzi akiambiwa kwamba rilei hupokeza amri, ataelewa kabla hajafungua paneli.