Neno Lililo Mkononi

Neno la Kiswahili hujengwa kwa kufuatanisha. Katika *ninakupa*, kiambishi cha mtendaji hutangulia, kikafuata cha wakati, kikaja cha anayepewa, na kitendo chenyewe kikakaa mwisho. Mshairi hulijua jambo hili kwa sikio kabla hajafunzwa na sarufi, kwani kila kipande kina mizani yake. Kiarabu hushika njia nyengine: konsonanti tatu, *k*, *t* na *b*, husimama imara, na irabu zikapita kati yake. Humo ndimo yalimotoka *kitabu*, *katibu* na *maktaba*. Mswahili alipolipokea neno *kitabu*, aliichukua *ki-* yake kuwa kiambishi cha ngeli, akasema *vitabu*. Basi hata lugha zilizokaa pamoja karne nyingi katika mwambao mmoja hazilijengi neno kwa ufundi mmoja.

Tafauti hiyo ndiyo ufunguo wa swali lililochukua muda mrefu kujibiwa: je, neno laweza kuwa na muundo pasipo sauti wala herufi?

Katika karne ya 18, padri Charles-Michel de l'Épée alifungua skuli ya viziwi mjini Paris. Aliamini kuwa mikono yafaa kufundishia, na imani hiyo ilikuwa ngeni kwa wengi wa zama zake. Lakini aliziona alama za wanafunzi wake kuwa zimepungukiwa na sarufi. Akazitilia alama za ziada kwa ajili ya viambishi vya Kifaransa: za jinsia, za wakati, za umoja na wingi. Neno moja likaweza kudai alama kadhaa kwa mfululizo. Wanafunzi walizitumia katika imla. Walipozungumza wao kwa wao, waliziacha. Kosa la padri halikutokana na dharau. Aliutafuta muundo wa lugha yake katika lugha ya wengine, asiuone, akadhani kuwa hapana muundo.

Mwaka 1825 Auguste Bébian, mzaliwa wa kisiwa cha Guadeloupe aliyepata kufundisha viziwi huko Paris, alichapisha kitabu kilichozichambua alama vipande vipande na kuvitungia vipande hivyo maandishi. Njia hiyo haikufuatwa. Mwaka 1880 mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milan uliamua kuwa usemi wa mdomo una ubora juu ya alama. Wajumbe viziwi walikuwa wachache mno. Baada ya hapo, katika skuli nyingi za Ulaya na Marekani alama zilifukuzwa darasani, na wapo watoto walioadhibiwa kwa kusema kwa mikono yao.

Aliyeufungua tena mlango hakuwa mtaalamu wa alama. William Stokoe alifika katika Chuo cha Gallaudet, Washington, mwaka 1955, kufundisha fasihi ya Kiingereza. Aliwatazama wanafunzi wake viziwi wakizungumza, na mwaka 1960 akachapisha uchunguzi ulioonyesha kuwa alama si picha nzima isiyogawika. Ina umbo la mkono, mahali na mwendo. Katika lugha ya alama ya Marekani, kidole cha shahada kikipitishwa huku kikikunjwa kwenye paji la uso, maana yake ni majira ya joto. Kwenye pua, ubaya wa sura. Kwenye kidevu, ukavu. Mahali pamebadilika, na neno limebadilika, kama *pika* inavyoachana na *piga* kwa sauti moja. Mwaka 1965 Stokoe alitoa kamusi pamoja na Dorothy Casterline na Carl Croneberg, wote wawili viziwi. Alama zilipangwa humo kwa vipande vyake, si kwa alfabeti ya Kiingereza.

Mwaka 1979 Edward Klima na Ursula Bellugi walieleza kwa kina namna alama zinavyonyambuliwa. Alama ya kupa husafiri kutoka kwa mtoaji hadi kwa mpokeaji. Njia ya mkono ndiyo inayotaja nani ampa nani. Yale ambayo Kiswahili huyasema kwa zamu, *ni-*, *-ku-*, *-pa*, mkono huyasema kwa pamoja. Viambishi alivyovitafuta padri wa Paris vilikuwapo, ila havikupangwa foleni.

Mwaka 2010, mkutano wa kimataifa wa elimu ya viziwi uliokaa Vancouver uliyakataa maazimio ya Milan na kuyasikitikia madhara yake. Mwaka huo huo Katiba mpya ya Kenya ilizitaja lugha rasmi za Bunge kuwa ni Kiswahili, Kiingereza na lugha ya alama ya Kenya. Kati ya mikutano hiyo miwili ilipita miaka 130. Sarufi ya alama haikuzaliwa mwaka 1960. Ilikuwapo muda wote, mikononi mwa watoto waliokatazwa kuitumia.