Upana wa Reli ya TAZARA

Ninyi mlioko Mtoni hamna haja ya kwenda mbali ili kuliona jambo la somo hili. Stesheni ya TAZARA imo humo humo Temeke.

Mkataba wa reli hiyo baina ya Tanzania, Zambia na China ulitiwa sahihi mwaka 1967. Ujenzi ulianza 1970, na reli ya kilomita 1860 ikakabidhiwa mwaka 1976.

Fundi Mchina kwao alizoea reli yenye upana wa milimita 1435. Reli yetu ya Kati, iliyoanzwa na Wajerumani, ilikuwa na milimita 1000. Zambia ilikuwa na 1067. Ikafuatwa ya Zambia, maana shaba ilitakiwa ifike bandarini bila kupakuliwa njiani.

Mtafikiri ni nambari tu. Lakini mtazameni fundi cherehani: akibadili bega la kanzu, mkono na ukosi navyo hudai kukatwa upya. Ndivyo ilivyokuwa hapa. Vichwa vya treni na mabehewa ya kwao havikufaa vilivyo. Ilibidi vitengenezwe kwa kipimo kipya, ekseli kwa ekseli. Kwa maoni yangu uamuzi ulikuwa wa busara, nao ulifanywa mapema, kabla chuma hakijakatwa.

Badiliko la pili lilichelewa, likauma zaidi. Kutoka Mlimba hadi Makambako reli hupanda mlima mkali. Vichwa vya kwanza vya Kichina, ambavyo nguvu ya injini hupitia katika mafuta, vilishindwa kuvuta mzigo uliotarajiwa. Baadhi vikatiwa injini za Kijerumani. Halafu mwaka 1983 vikaja vichwa vingine kutoka Ujerumani Magharibi, vya muundo wa Kimarekani, vyenye kuendeshwa kwa umeme utokao katika dizeli yao wenyewe. Sasa fikiri wewe ndiwe fundi wa karakana ya Mpika. Kitabu ulichojifunzia hakitoshi tena. Spea za ghalani ni za namna mbili, na ukikosea namba ya kifaa, treni hailali safarini, inalala karakanani.

Na Reli ya Kati? Mwaka 1998 kituo cha kuhamishia mizigo kilifunguliwa Kidatu, ambako reli hizo mbili hukutana.

Chukueni madaftari. Toeni 1000 katika 1067, kisha pimeni jibu hilo kwa rula.