Feki, mbovu na ngeni

Mkulima wa Lisekese, Masasi, anayetafuta spea ya mashine ya kupulizia salfa mikorosho, huelezwa kuna orijino na feki, basi. Mgawanyo huo unamdhulumu mtengenezaji wa tatu: anayeunda kifaa cha kuingia kwenye mashine ya kampuni nyingine, akakigonga jina lake mwenyewe. Feki ni kile kilichovaa jina la mwingine. Sheria zetu zinalijua hilo: bidhaa bandia hushughulikiwa na Tume ya Ushindani kwa Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, ilhali viwango vya ubora ni kazi ya Shirika la Viwango (TBS). Udanganyifu na udhaifu ni mashtaka mawili.

Magazini za bunduki ya .22 zinalionyesha jambo hili waziwazi. Bunduki ya Ruger 10/22, iliyotoka mwaka 1964, ina magazini za viwanda vingine vingi. Magazini ikiwa mpya, springi yake yaweza kuwa ngumu na risasi zikakwama, maana vitako vyake vina ukingo unaonasa kwa urahisi. Kuijaza na kuitumia mara kadhaa huilainisha. Kuuita ugumu huo ufeki ni kuhukumu mapema. Mtu atapinga kwamba aliyekwisha kuliwa pesa zake hana haja ya kupambanua majina. Anayo, tena kubwa kuliko wote, kwa sababu jina ndilo linaloamua malalamiko yake yapelekwe wapi. Magazini inayoendelea kukwama hata baada ya kuzoeshwa ni mbovu, na iitwe hivyo.