Umeme Uliorudi Kwenye Waya wa Mawasiliano

Historia ya mawasiliano ya Kampala husimuliwa kama safari ya kuutupa waya: MTN iliingia mwaka 1998, simu ya mezani ikafifia, watu wakahamia hewani. Masimulizi hayo yanasahau jambo zito. Simu ya mezani ilitumia umeme wa betri za volti 48 zilizowekwa kituoni, ukipita kwenye waya uleule uliobeba sauti. Umeme ukikatika mtaani, simu iliendelea kuita. Simu ya mkononi ilimwachia kila mtu ahangaikie chaji yake. Katika mji ulioonja mgao mkali wa umeme mwaka 2005 na 2006, maji ya Ziwa Viktoria yalipopungua, hiyo ilikuwa hasara kubwa.

Kiwango cha 802.3af cha kupitisha umeme kwenye kebo ya mtandao, kilichopitishwa mwaka 2003, kiliirejesha desturi ya kituo cha simu, karibu kwa volti zilezile. Swichi hutoa hadi wati 15.4 kwa kila tundu, na kifaa kilicho mwisho wa kebo ya mita 100 huhesabiwa kupata 12.95. Google ilipozindua waifai yake Kampala Desemba 2015, juu ya mkonga iliokuwa imeujenga, kampuni ya Roke Telkom ikawa ya kwanza kuiuza, lakini umeme wa kuendesha vifaa ulibaki uleule wa ukutani. Chukua jengo la kupangisha pale Kyebando, katika tarafa ya Kawempe, lenye vifaa sita vya waifai. Kila kimoja kikichomekwa ukutani, umeme ukikatika vyote hufa. Vikilishwa na swichi moja kuukuu ya 802.3af, kila kimoja kikila wati 10 na swichi yenyewe 40, jumla ni wati 100. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100, ikitumiwa nusu tu ili isiharibike, huvibeba kama saa tano, hata ukitoa kinachopotea kwenye inveta.

Kuna watakaopinga kwamba vifaa vya leo vinadai kiwango cha 802.3at cha mwaka 2009, chenye wati 25.5 kwenye kifaa. Ni kweli, lakini vingi vikipata umeme mdogo hupunguza nguvu au huzima baadhi ya antena badala ya kukataa kuwaka, na mpangaji anayegawana mkondo mwembamba wa intaneti na majirani hatapoteza mengi. Kwamba swichi kuukuu inakula umeme mwingi kuliko mpya, hilo nalikubali. Zile wati 40 zinauma. Ninachokipinga ni kuikwepa kwa vijisanduku vya volti 24 vinavyosukuma umeme bila kuuliza. Swichi ya 802.3af hupima kwanza kama upande wa pili kuna ukinzani wa kama kiloomu 25, na isipoukuta haitoi kitu, hivyo kompyuta ya mpangaji iliyochomekwa kimakosa haiungui.