Kisu cha Mchongaji

Juma hili tunataka kuwakumbuka mafundi wa mbao, kwa maana twapenda kusema kwamba Matengenezo ya Kanisa yaliletwa na kalamu ya Luther, nasi twakisahau kisu cha mchongaji.

Siku zile watu wengi wa Ujerumani hawakujua kusoma. Habari ziliwafikia sokoni kwa karatasi moja moja yenye picha. Kazi yenyewe twaielewa tukiutazama muhuri wa chifu: palipoachwa juu hushika wino, palipochimbwa hubaki peupe. Mchoraji alichora juu ya ubao, naye mchongaji akaondoa kila kisichotakiwa, na yote yamegeuzwa kama katika kioo. Nuremberg na Augsburg walikuwako mafundi wengi wa kazi hiyo. Majina ya wachoraji tunayo. Ya wachongaji, mara nyingi hapana.

Huko Wittenberg, Lucas Cranach alikuwa na karakana kubwa. Agano Jipya la Luther lilipotoka Septemba 1522, nakala zipatazo 3,000, lilikuwa na picha kubwa 21 za kitabu cha Ufunuo kutoka karakana hiyo. Katika sura ya 17, yule mwanamke aketiye juu ya mnyama alivikwa taji la ngazi tatu, yaani taji la Papa. Hata asiyejua herufi moja alielewa ni nani anayetukanwa. Mtawala George, aliyemiliki sehemu nyingine ya Saxony, alikasirika. Katika chapa ya Desemba ngazi za juu zilikuwa zimekatwa ubaoni, likabaki taji la kawaida.

Sisi Waprotestanti huisimulia habari hii kwa kicheko. Tusingalicheka kama ingalikuwa kofia ya askofu wetu. Yakobo 3:9-10 yatuhusu hapa.

Kisha likatokea jambo la ajabu. Hieronymus Emser, mpinzani wa Luther, alitoa Agano Jipya la Wakatoliki huko Dresden mwaka 1527. Picha zake nyingi za Ufunuo zilipigwa kwa mbao zilezile za Cranach, ambaye aliwauzia! Luther alinung'unika kwamba hata maneno yake yalichukuliwa. Basi pande mbili zilizokuwa zikilaaniana zilifungua Ufunuo na kuona farasi walewale, malaika walewale.

Biblia nzima ya Luther ilipotoka mwaka 1534, mbao mpya zilikuwa zimechongwa. Lile taji la ngazi tatu lilikuwa limerudi.