Katani na Bei ya Plastiki

Mkonge wa Tanganyika ulianza na miche 62 tu. Ndiyo iliyofika hai kati ya ile aliyoiagiza Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, kutoka Florida mwaka 1893. Kufikia 1964 nchi ilikuwa inazalisha karibu tani 230,000 za katani, yaani nyuzi za mkonge, kwa mwaka, na wakulima wa Ulaya na Marekani walifungia marobota ya majani makavu kwa kamba zake. Kisha ikaja polipropilini, plastiki itokanayo na mafuta ya petroli, iliyoanza kutengenezwa viwandani mwaka 1957. Kamba yake ilikuwa nyepesi na bei yake chini, na katani ikaporomoka. Wengi hulilaumu Azimio la Arusha. Ni kweli kwamba kutaifishwa kwa mashamba mwaka 1967 kuliongeza jeraha, lakini bei ya katani ilikuwa imeanza kushuka kabla ya hapo, na hakuna mwenye shamba, wa serikali au wa binafsi, ambaye angeweza kuizuia.

Ninachokataa ni kusema kwamba plastiki ilishinda kwa ubora. Kamba ya katani ikisahaulika shambani huoza. Ya plastiki hubaki, na gharama ya kubaki kwake haikuandikwa kwenye bei. Atakayejibu kwamba mkonge nao haukuwa msafi ana haki. Jani likipita kwenye korona, mashine ya kutenganisha nyuzi, asilimia 4 hivi tu ndiyo hutoka kama nyuzi za kuanikwa juani. Mabaki mengine, pamoja na maji machafu ya kuoshea, kwa miaka mingi yalimwagwa mitoni. Tena unafuu wa katani uliwahi kulipwa na manamba, waliotolewa mbali kuja kukata majani kwa ujira mdogo. Hata hivyo mabaki ya mkonge yana dawa: huko Hale, mkoani Tanga, yamewahi kuzalisha gesi na umeme. Plastiki iliyokwisha kutupwa mtaroni haina tiba ya namna hiyo.

Ndiyo maana marufuku ya mifuko ya plastiki ya tarehe 1 Juni 2019 nchini Tanzania inanisikitisha kwa jambo moja. Ilihitajika sana, lakini mfuko ulioenea sokoni baada yake, ule unaofanana na kitambaa, kwa kawaida ni wa polipropilini ileile. Bei yake bado haihesabu mtaro, na kikapu cha mkonge bado kinashindana nayo.